Binadamu wa Ndani ya Kichupa

Baba,

Sijui salamu huwafikia vipi watu wa huko, kwa hivyo nimekuombea dua kwanza, ndipo nikachukua kalamu. Nimekaa kwenye meza yako ya bucha hapa soko la Burma. Wateja wa asubuhi wamekwisha kwenda zao na wa jioni bado hawajatoka kazini. Ninakuandikia kwa sababu ya Hamisi. Mwanao wa mwisho alikaribia kukufuata, na kwa sehemu kubwa ilikuwa ni kwa maneno yako. Usikasirike. Tuligombana vya kutosha ulipokuwa hai.

Nikupe habari za nyumbani kwanza. Bucha nimelichukua mimi. Siku za mwanzo wanaume wa soko walipita mmoja mmoja kuchungulia kama nimejikata kidole. Yule jirani aliyeapa kwamba mwanamke hawezi kuning'iniza paja la ng'ombe sasa huazima msumeno wangu na kusahau kuurudisha. Matumbo bado ndiyo yanayotoka haraka kuliko nyama. Nyumba ya Majengo ingali imesimama, ingawa pande zote mbili wamejenga ghorofa, na jua haliingii uani mpaka karibu saa sita. Nguo hazikauki, na wapangaji wananilaumu mimi kana kwamba ndiye niliyelizuia jua. Vyumba vyote vina watu isipokuwa chako. Nimekifunga kwa kufuli na sijui kwa nini. Watu wameuliza bei yake na mimi hujibu kwamba kinavuja, na hakivuji.

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana bila ya nyuma hutaelewa yaliyompata Hamisi.

Nilizaliwa nikakukuta unajidunga sindano za ugonjwa wa sukari. Kabla sijajua kuhesabu nilijua lile bomba lako la kioo, na ile sufuria ndogo ya kulichemshia ambayo mama aliapa atamkata mkono yeyote atakayeipikia yai. Friji hatukuwa nayo. Dawa ilikaa kwenye mtungi wa udongo, umefunikwa kitambaa kibichi, pembeni mwa kitanda chako. Siku uliyonileta bucha kwa mara ya kwanza ulipasua tumbo la ng'ombe ukanionyesha kipande cha nyama laini, kimejilaza nyuma, cha rangi ya waridi iliyofifia. Ukasema, "Hili ni kongosho. Humu ndimo inamotoka dawa yangu." Ukanieleza kwamba Wazungu hukusanya makongosho ya ng'ombe wengi sana, wakayakamua na kuyasafisha, hadi wapate kichupa kimoja. Wachinjaji wenzako waliwatupia mbwa. Wewe ulilifunga kwenye gazeti na kulitupa mwenyewe, kwa heshima.

Duka la dawa walikuchoka. Kila mara ulitaka kujua kama insulini ni ya ng'ombe au ya yule mnyama mwingine. Shekhe alikwambia wazi kwamba mgonjwa aliyebanwa ameruhusiwa. Ukamjibu, "Najua, shekhe. Lakini ng'ombe na mimi tunajuana."

Miaka ikaenda. Ya ng'ombe ikaadimika, halafu ikakatika kabisa. Wakakupa kichupa kingine, kimeandikwa neno la Kiingereza ulilolijua kuliko maneno yote ya lugha hiyo, kwa sababu ulilisoma kila siku ya Mungu kwenye karatasi za mkaguzi wa nyama. Human. Nyama hii yafaa kwa human, nyama hii haifai kwa human, izikwe. Ulilisoma mara moja. Ukakiweka kichupa juu ya meza taratibu, ukaenda kunawa mikono.

"Hii wameitoa kwa mtu," ukasema.

Tulicheka, Baba, mimi na mama na hata wewe kidogo. Lakini swali lako halikuwa na mjibu. Kama ya ng'ombe ilitoka kwa ng'ombe, ya binadamu imetoka kwa nani? Ni binadamu gani? Yule kijana wa duka la dawa alisema, "Mzee, hilo ni jina tu." Ukanitazama mimi kwa macho ya kumhurumia yeye. Kwa mchinjaji jina la nyama haliwi jina tu.

Halafu bibi, mama yako, ambaye alikulia humu humu Pumwani, akatia petroli. Yeye alilelewa na hadithi za mumiani, wale waliosemekana kuwakamata watu wanaotembea peke yao na kuwatoa damu ya kutengenezea dawa. Alikuwa na majina ya mitaa na rangi ya gari. Akakwambia, "Mimi nilisema tangu zamani, mkanicheka." Tangu siku hiyo ukagoma. Mkaidi hafaidi hadi siku ya Idi, na wewe Idi yenyewe hukuifikia: ulianguka hapa hapa bucha, katikati ya nyama zilizoning'inia, na watu wakakubeba kwa turubai.

Uliporudi kutoka hospitali ulikubali. Ninakumbuka vizuri, kwa sababu ndimi niliyekushikia bomba. Ulikaa kitandani, ukakiinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha, ukakiangalia muda mrefu. Ukasema, "Samahani, ndugu yangu. Sikukuua mimi." Ndipo ukajidunga.

Ukaendelea hivyo asubuhi na jioni hadi ukaingia kaburini. Mara samahani, mara dua ya marehemu asiye na jina. Ulianza kumwita mpangaji. Wewe ulikuwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba wa Majengo huzungumza na kila mtu kwa lugha ya vyumba. Mtu akikuuliza hali ulijibu, "Sisi wawili hatujambo." Watoto wa uani walifurahi sana. Mimi nilidhani ni utani uliokuwa ukijipoza nao.

Ila zile hodi, Baba.

Sijui kama ulikuwa unajua. Hatukukwambia. Sukari yako ilipokuwa ikishuka ghafla, mchana hasa, ukiwa umechelewa kula, ulikuwa unafunga mlango wa chumba chako na kubisha hodi ukiwa ndani. Mara tatu, kwa adabu. Mara ya kwanza nilidhani kuna mtu amejifungia. Nilifungua nikakukuta umesimama, jasho linakutoka, mikono umeipanga mbele kama mtu aliyekuja kuulizia chumba. Ukaniambia, "Samahani, mama. Mwenye nyumba yupo?"

Nilikupa chai ya sukari. Ukainywa, ukakaa, baada ya muda ukaniuliza kwa nini ninakutazama hivyo. Kwenye kliniki walituambia kwamba ubongo unaponyimwa sukari mtu husema hovyo, na mimi nimewaona wengi na ninajua ni kweli. Lakini wao husema hovyo. Wewe ulisema vizuri kupita kawaida yako. Ulinilea, ukanisomesha, ukanirithisha kisu, na hukuwahi hata siku moja kuniambia samahani. Yule aliniambia kila mara.

Figo zilipokuchoka tulikaa nawe kwa zamu. Ile alasiri ya mwisho tulikuwa mimi na Hamisi. Ulifumbua macho ukasema, kwa sauti nzima, "Mpangaji asitolewe nje. Mtafutieni chumba." Mimi nikakuambia sawa, kama ambavyo mgonjwa huambiwa sawa kwa kila kitu. Hamisi alikushika mkono. Tulikuzika makaburini Kariokor kesho yake, na mimi sikuyafikiria tena maneno hayo.

Haikupita hata miezi mingi, Hamisi akaanza kunywa maji. Unajua mwanao asivyopenda maji. Alikuwa anatoka kibandani kwake Kariokor, alikokuwa akikata matairi ya kutengenezea viatu vya akala, na kumaliza dumu zima amesimama. Mkanda wake alioutengeneza mwenyewe ukawa mkubwa, akautoboa tundu jingine, halafu jingine. Nilimpeleka hospitali kwa nguvu. Wakamlaza, wakampima, wakasema ni sukari, ile ya sindano, kama yako. Wakamrudisha nyumbani na vichupa.

Nilimwona alivyokisoma kile cha kwanza. Alikiweka juu ya meza taratibu, akaenda kunawa mikono. Hakuna aliyemfundisha. Ulipofanya hivyo wewe, yeye alikuwa hajazaliwa.

Aliniambia anajidunga, nami nikaamini, kwa sababu ni mtu mzima na nilikuwa na bucha. Lakini alizidi kukonda. Siku moja nikafungua friji ya sebuleni nikaona kichupa kimegeuzwa, maandishi yanatazama ukutani. Nikakitoa. Kilikuwa kimejaa hadi shingoni. Hakikuwahi kutobolewa.

Nilimpigia kelele zote nilizonazo. Aliningoja nimalize, halafu akasema, "Dada, si uliskia vile Buda alisema akikufa? Atafutiwe room. Sasa hiyo room ndo mimi. Nikijidunga tu, nimemfungulia."

"Nani, Hamisi?"

"Si unajua. Huyo msee wa kichupa. Anabishanga. Kwa friji."

Nikaweka sikio kwenye mlango wa friji nikitaka kumwonyesha upumbavu wake. Friji ni kuukuu, uliinunua wewe mwenyewe kwa mtu aliyekuwa akihama. Mota yake hugonga. Iligonga mara tatu, ikatulia. Nilisimama pale nikiwa na hasira. Ikagonga tena mara tatu, ikatulia, na hasira zangu zikapoa, nikasogea pembeni.

Nilimkokota hadi kliniki kwa Sista Mwende, yule muuguzi mnene uliyekuwa ukimpelekea maini. Nikamwomba amweleze kila kitu, tangu mwanzo, amtoe mumiani kichwani. Sista hakucheka, na kwa hilo ninamheshimu. Alifunga mlango, akakaa, akaanza.

Alisema zaidi ya miaka mia iliyopita hakukuwa na dawa ila njaa. Mgonjwa alinyimwa chakula ili asife haraka, akafa polepole. Halafu wataalamu wakachukua makongosho ya mbwa, wakajaribu maji yake kwa mbwa wengine, yakafaa. Wakahamia kwa ng'ombe. Wakamdunga kijana mmoja aliyekuwa amebaki mifupa na akainuka. Kwa miaka mingi ikawa hivyo, ng'ombe na nguruwe kutoka machinjioni, kama ulivyonieleza wewe. Baadaye wakajua insulini imeundwaje. Akasema tuifikirie kama uzi wa shanga. Uzi wa nguruwe na wa mtu unatofautiana shanga moja. Wa ng'ombe na wa mtu, tatu. Nilikufikiria hapo, Baba, wewe na ng'ombe wako mliojuana.

"Sasa hii ya leo," Sista akasema, "hakuna mtu alichinjwa, Hamisi. Waliandika maelekezo ya kutunga shanga za binadamu, wakayaweka ndani ya vijidudu. Na zingine ndani ya hamira. Vinatunga vyenyewe, kwa mapipa makubwa. Inasafishwa, inakuja kwa kichupa."

Nikamwuliza, "Hamira hii ya mahamri?"

"Hiyo hiyo."

Nilifurahi sana, nikageuka kumtazama Hamisi. Ni mtu gani atakayeogopa hamira? Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza kwa makini. Akasema, "Sawa, Sista. Nimeshika. Lakini hayo maelekezo, walicopy kwa nani?"

"Kwa binadamu yeyote. Ni ile ile kwetu sote."

"Huyo yeyote alikuwa nani?"

"Mwanzoni kabisa lazima kuna mtu walimchunguza," Sista akasema. "Sijui ni nani. Siwezi kukudanganya."

Hamisi akaitikia kwa kichwa, akasimama, akamshukuru. Nilitamani Sista angemdanganya.

Nilijaribu kumdunga mimi. Alinishika mkono, na hata akiwa amekonda vile alikuwa na nguvu za mkata matairi. Nilimletea shekhe. Nilimletea wenzake wa Kariokor, wakamwita mjinga kwa majina yote ya mtaani. Hamisi aliwasikiliza wote kwa upole mpya ambao haukuwa wake. Aliwaambia samahani. Maji yalikuwa yamenifika shingoni.

Ilikuwa Jumapili, msimu wa baridi, alasiri yenye manyunyu. Nilirudi kutoka bucha nikaona kufuli la chumba chako limefunguliwa. Hamisi alikuwa kitandani kwako, amejilaza chali. Pumzi zake zilikuwa ndefu na nzito, anazivuta kutoka mbali, na chumba kizima kilinuka matunda yaliyoiva kupita kiasi. Harufu ile ninaijua. Ilikuwa kwako siku ulipobebwa kwa turubai. Nikamwambia inuka, twende. Akatikisa kichwa.

"Amebisha tena," akasema. "Mara tatu, dada. Na haendi."

Nikasema hakuna mtu. Nikasikia mwenyewe jinsi nilivyosema kwa sauti ndogo. Sebuleni friji ilikuwa ikigonga, tatu na kimya, tatu na kimya. Unajua tulivyolelewa. Mgeni hubisha hodi mara tatu, asipojibiwa hugeuza njia. Ni adabu hata kwa mwendawazimu. Huyu alikuwa na adabu kuliko sisi sote na bado hakugeuza njia. Nikiwa nimesimama katikati ya chumba chako, nimeshika mkono wa ndugu yangu unaopoa, nikafahamu kitu cha kawaida kabisa. Katika nyumba yetu hakuna mtu aliyewahi kumwitikia. Wewe ulimwomba radhi, ukamwombea dua, ukamtania, ukamsemea kwa watu. Miaka yote hiyo hukumwambia karibu hata siku moja. Mgeni atakwendaje, na atakaaje, kama hajajibiwa?

Mimi si mtu wa mambo hayo, Baba. Mimi ni mwuza matumbo. Lakini nikageukia mlango nikasema, "Karibu." Nikasema kwa sauti yangu ya bucha, ile ya kumwita mteja aliye upande wa pili wa soko.

Pazia halikutikisika. Sikuona kitu, na sitakudanganya kwamba niliona. Friji ilinyamaza tu. Umeme haukukatika: taa yake ilikuwa inawaka, niliiona baadaye. Hamisi akashusha pumzi ndefu kisha akaninyooshea mkono kama mtoto anayetaka kubebwa. Akasema, "Sawa, dada. Twende."

Nikamtia bega kwapani, nikamtoa. Nilimpitisha ukumbini na uani hadi barabarani peke yangu, na nilishangaa jinsi alivyokuwa mwepesi. Nikafikiri ni ule ugonjwa, kwamba amekwisha kabisa. Hospitali walimtundikia maji na kumpa insulini kwa mshipa. Daktari, msichana mdogo aliyekuwa amechoka, aliniambia tungechelewa kidogo tu tungekuja kuchukua maiti. Nilikaa kwenye benchi nikalia mpaka kilemba changu kikalowa. Nililia kwa ajili yake na kwako pia, maana siku ya maziko nilikuwa na shughuli za kulisha watu.

Nilirudi nyumbani kuchukua nguo zake. Mama Swaleh, jirani yetu wa viazi karai, alikuwa mlangoni pake na karai lake. Akauliza hali ya mgonjwa, nikamweleza. Akashukuru Mungu. Kisha akasema, "Na yule bwana ni wa kwenu?"

"Bwana gani?"

"Aliyemshika upande wa pili. Mliyetoka naye."

Nikamwambia nilikuwa peke yangu. Akanitazama kama ninamficha jambo. Akasema alikuwa amekaa pale pale, karai liko katikati ya njia, na yule mwanamume alikuwa amemtia Hamisi bega upande wa pili, ndiye aliyekuwa na mzigo hasa. Walipomfikia alijikunja asimwage mafuta, akamwambia, "Samahani, mama."

Ninajua unachotaka kuuliza. Mama Swaleh amekuuzia viazi tangu hajaolewa. Amekuosha macho kwa maji ya chumvi siku moshi ulipokuingia. Angekutambua hata gizani. Alisema hakuwahi kumwona mtu yule mtaani, wala si sura ya kukumbukika. Alisema, "Mtu tu."

Sasa Hamisi amepona, kama mtu wa sukari huweza kusemwa amepona. Hutumia kalamu ya insulini, si bomba. Unazungusha kichwa chake hadi namba unayotaka, unabonyeza, basi. Ungeipenda, na ungeidharau pia. Sista anasema ziko insulini mpya zaidi, ambazo shanga zake zimepangwa upya kidogo ili zifanye kazi haraka au zikae siku nzima, ambazo hazifanani kamili na za mnyama wala za mtu. Nilimsihi asimwambie Hamisi hilo kwanza. Mkanda ameurudisha kwenye tundu la zamani. Amerudi kibandani kwake, ameanza tena kunijibu kwa ujeuri, na kila anaponijibu hivyo ninamshukuru Mungu. Nikimwuliza habari za mpangaji hucheka. "Zii, dada, hakuna mtu, hiyo ilikuwa sukari tu ilikuwa juu." Labda. Friji haigongi tena, na hakuna fundi aliyeigusa.

Kwa hivyo nikujibu lile swali lako la miaka yote, maana nilikuahidi moyoni kwamba nikilipata jibu nitakuletea. Hakuna aliyekufa kwa ajili yako, Baba. Hakuna gari lililomchukua mtu. Mlichodungwa ni kile kile ambacho kongosho lako lingekitengeneza lingekuwa zima, shanga kwa shanga. Yule binadamu wa kwenye kichupa ulikuwa wewe, au mimi, au Sista Mwende. Ulimwomba samahani mtu ambaye hakuwapo. Hilo ninaliamini na nitalieleza kwa yeyote.

Ila aliyekuwa akijibu samahani ni nani, sijui.

Na hili ndilo hasa lililonikalisha kuandika. Juzi mchana peupe nilikuwa nimeinamia beseni ninaosha matumbo. Mtu akabisha nyuma yangu, kwenye mbao za meza hii. Nikageuka na kisu. Hakukuwa na mteja. Jana vivyo hivyo. Nimekwenda kupimwa, sukari yangu haina neno, usihofu. Nadhani haniombi chumba mimi. Nadhani hana pa kwenda. Mwili wako umekwisha, na Hamisi hamsikii tena, amejaa mwenyewe. Mimi ndiye niliyemwambia karibu, basi kwa adabu zake anakuja kuuliza kwangu.

Nimefikiri tangu jana. Ulituachia wasia tumtafutie chumba. Nimekitafuta, na kilichopo ni kimoja. Ijumaa baada ya swala nitakuja kaburini kwako Kariokor. Nitatembea kutoka Majengo taratibu, nisimpite, na sitageuka nyuma. Nikifika nitamwonyesha ulipo. Sogea kidogo, umpishe. Najua ni pembamba, najua unalala upande mmoja, lakini mlikaa pamoja mahali pembamba zaidi ya hapo na hukuwahi kumfukuza. Alimbeba mwanao, Baba. Sisi hatujui kumshukuru, wewe labda unajua hata jina lake sasa.

Nami nitatimiza yangu. Nitasimama mlangoni asubuhi na jioni hadi nione sindano imeingia, anitukane asinitukane. Nitamzeesha Hamisi. Nitamfikisha umri ambao wewe hukuufikia. Akija kwako kabla ya hapo, hata akikulilia, mrudishe.

Lala salama, Baba. Mchukue mpangaji wako. Hamisi niachie.

Mwanao,
Zuhura